Kwa Pimamaji, Uliyetuacha Tumeketi Garini

Mwaka umetimia, mwanetu, tangu alasiri ile ulipojilaza chini ya gari lako, ukatuamuru tusitikisike, nawe hukuinuka tena.

Mtaani walikuita Pimamaji, kwa kuwa kile chombo cha kupimia usawa, chenye tone la hewa, hakikutoka mfukoni mwako. Ulikiweka juu ya kabati la mama yako na juu ya vizingiti vya majirani. Siku ya posa ulikiweka juu ya meza ya wakwe kabla hata hujamaliza kusalimu. Baba mkwe wako akakuuliza, “Kijana, umekuja kuoa au kununua meza?” Ukamjibu, “Kuoa, baba. Lakini meza hii inaelemea mlangoni.” Ukapewa mke, na meza ukaitengeneza.

Hukumrudishia mtu chombo chake kabla hujamwona mwenyewe akikitumia. Ulipomtengenezea jirani yetu fundi viatu kiti chake cha magurudumu, hukupokea hata shukrani mpaka alipokikalia na kuzunguka nacho uani. Ulisema chombo kikiwa kitupu husema uongo. Nami baba yako, nisiyekuwa mwepesi wa kusifu watoto wangu, nakusifu kwa hilo.

Gari lako lilikuja vipande vipande ndani ya makasha: fremu, sakafu, viti na springi. Injini na giaboksi ulivitoa katika pikapu iliyokwisha kufa, na difu, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, ukaipata kwa wavunja magari. Kazi iliyobaki ilikuwa kuvipatanisha vitu hivyo vitatu, ambavyo havikupata kuonana kabla. Ulitueleza mezani kwa vijiko viwili na uma. Kijiko cha mbele ndicho injini na giaboksi yake, cha nyuma ndicho difu, na uma ndio shafti inayopeleka nguvu nyuma. “Si lazima vifuatane mstari mmoja,” ulisema, “lakini lazima viwe sambamba. Vikipishana, krosi za shafti, viungo vyake vya ncha mbili, zitajitafuna, shafti itatetemeka, na siku moja itakatika ipige sakafu chini ya miguu ya mama.”

Mama yako akauondoa mguu wake chini ya meza, tukacheka.

Tena hukutaka kupima gari likiwa tupu, kwa maana watu wakiingia springi hushuka, na pembe zote hubadilika. Ndiyo sababu ulituketisha humo, bandani mwako. Mimi baba yako nilikaa mbele, mama yako na mkeo nyuma, na katika kiti cha dereva ukaweka gunia la mchanga la uzani wako. Gari halikuwa na milango wala paa. Tulikaa ndani yake kama abiria wa safari isiyoondoka. “Asitikisike mtu mpaka niseme,” ulituambia, ukaingia chini.

Tulikusikia ukigonga chuma na kujiimbia kidogo. Kisha ukanyamaza, nasi tukadhani unasoma kipimo. Nuru ya mlangoni ikahama sakafuni, ikapanda ukutani. Mkeo akaita kwa sauti ya chini, “Baba Watoto, bado?” Mama yako akamkanya, “Mwache apime, binti yangu. Ukimharakisha ataanza upya.” Tukaendelea kuketi juu yako, wima na watiifu, wala hatukujua kwamba hapakuwa tena na mtu wa kutwambia tushuke. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, wala hukuumia.

Baada ya maziko mama yako alirudi bandani, akapanda kiti cha nyuma, akaketi. Kesho yake akaketi tena. Ikawa desturi: akila cha mchana hupangusa mikono, huenda garini, na hakai humo kama mtu apumzikaye, bali wima, bila kujitikisa, hadi jua lishuke. Miguu ikamvimba, akakonda. Nilimwita, nikamsihi, nikamwamuru. Alinijibu, “Nilisema aachwe apime. Sasa nimwache katikati?” Nikamwambia nitaliuza gari kwa wanunuzi wa vyuma. “Uza,” akasema, “ila wakipakia, nami nimo.” Hapo nilitambua kuwa tulikuwa karibu kuzika wawili.

Mdogo wako, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyesema hakuna dawa ila kazi imalizwe. Tukaketi tena kama siku ile, yeye akaingia chini na chombo chako. Lakini alisahau mzigo wa dereva. Gunia halikuwapo, kwa kuwa mchanga wake tuliuchanganya katika saruji ya kaburi lako.

“Baba, umehamia kwa dereva?” akauliza kutoka chini.

“Nipo nilipo.”

“Basi ni shemeji.”

“Mimi niko nyuma na mama,” mkeo akasema. “Acha utani wako, shemeji.”

“Sitanii. Upande huu umelala kama una mtu.”

Akatoka chini, akakitazama kiti cha dereva, nasi tukakitazama. Mto wake ulikuwa umebonyea, na mikunjo ya ngozi ilikuwa imekazwa kama chini ya mtu mzima.

“Rudi ukapime,” mama yako akamwambia. “Mwenzio hapendi kungojeshwa.”

Akarudi. Tulimsikia akitia vipande vya bati chini ya giaboksi, akitoa, akitia tena, mpaka tone la hewa likatulia mahali pamoja mbele na nyuma. Akakaza bolti. Alikuwa bado anakaza pale mama yako aliposema, “Haya, mwanangu. Ahsante,” akashuka.

“Mama, mbona sijasema mshuke?”

“Najua si wewe,” akajibu, akaenda jikoni kuteleka chai.

Mimi nililelewa na kufundishwa kutosadiki mizimu, na hata leo siisadiki. Lakini sitaandika uongo katika ukumbusho wa mtoto wangu. Mama yako alipokwisha kutoka mlangoni, kiti kilicho kando yangu kilipanda polepole, na springi ya upande ule ikalia mara moja.

Mdogo wako alichomelea vishikizo vya injini palepale vilipokaa. Gari sasa lina milango, na limekimbia barabarani likiwa na watu wanne pasipo mtetemo wo wote. Mama yako hajaingia tena bandani. Miguu yake imepona.

Jumapili hii tutakwenda kwenye ibada ya kukukumbuka ndani ya gari lako, lakini mama yako amesema atatembea kwa miguu. Watoto wako walipomwuliza sababu, akasema, “Ninyi pandeni. Mimi nimeshafika.”

Kazi yako, mwanetu, imekaguliwa, nayo ni sawasawa. Pumzika kwa Mungu, usirudi kuipima.

Wanaokuwaza kwa upendo ni baba yako, mama yako, mkeo, watoto wako, mdogo wako, wakwe zako, na majirani wote uliowanyooshea milango. Maadamu tu hai, hutasahaulika kwetu.