Pakiti Yenye Sura ya Mama

Mabanga, Goma
14 Machi 2026

Mpendwa mdogo wangu Achille,

Pokea salamu za nyumbani. Wewe na wifi yangu Vanessa mko salama huko Brisbane? Mgongo umepoa tangu uache kubeba masanduku ya kahawa mwenyewe? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mama anakula kidogo, na kwa sababu hiyo nimeandika. Kwenye simu angenisikia.

Kwanza pongezi. Kampuni ya watu wawili na gari moja, leo msambazaji amekubali kupeleka kahawa yetu ya Butembo kwenye maduka arobaini! Nilijivuna sokoni hadi wenzangu wakanichoka.

Lakini Achille, ile picha ya pakiti uliyotutumia! Ulieleza kwamba wateja wa huko wanapenda kuona sura ya aliyelima. Sawa. Ila umeweka sura ya Mama juu ya rangi nyeusi, jina lake chini, kisha 1979–2025. Ulimaanisha mwaka alipopanda miche ya kwanza kule Butembo na mwaka ulipofungua kampuni. Hapa kwetu picha ya namna hiyo inatangaza nini? Umesahau hata hilo?

Binti yangu Charline aliitupa kwenye grupu ya familia bila neno lolote. Kufika saa nne asubuhi turubai limefungwa uani, viti vimetoka parokia, wanawake wanalia. Hakuna aliyekaa kuhesabu miaka. Mimi nilikuwa sokoni, na Mama amelala chumbani na malaria.

Aliamka akasikia analiliwa. Hakutoka mara moja. Alikaa nyuma ya pazia akisikiliza nani analia kweli na nani anajikamua. Kama ingekuwa hilo tu, angecheka. Kisha mtu akauliza, "Na ule kijana wake wa Australie, atakuya?" Papa Fortunat, jirani yetu, akajibu, "Ule hatakuya. Iko na kazi mingi. Atatuma tu feza ya sanduku ya maiti." Hakuna aliyebisha.

Ndipo akafungua pazia. "Niko muzima. Muko munalia nani?" Watu walikimbia, wengine wakaacha viatu. Tulicheka siku mbili. Siku ya tatu niligundua kwamba Mama hacheki.

Tangu hapo watu wakimsalimu wanamgusa mkono kidogo na kuuachia haraka. Yeye hushinda nyuma ya lile pazia. Nikimuuliza anafanya nini, anasema anasikiliza. Ameshagawa vitenge vyake vyote. Naogopa, mdogo wangu. Siku nyingine nasita mlangoni kwake kama naingia kwa marehemu, kisha najichukia.

Nilimuuliza kama tukuambie uzitupe pakiti. Akasema, "Aache, kahawa iuzwe." Kisha akaongeza, "Kilio yangu nimeshaiona. Watu wote walikuya. Ni yeye tu sikumuona."

Njoo, Achille. Uwanja wetu wa ndege bado umefungwa, pita Kigali, nitakupokea mpakani. Msambazaji atakusubiri wiki mbili, maduka hayatahama. Usitume kitu chochote.

Charline anakusalimu, na Papa Fortunat pia, ingawa ana aibu hata kupita uani kwetu. Mungu akufungulie njia na akurudishe salama kwa Vanessa.

Mama hakutuma salamu. Anasema atakusalimu mwenyewe.

Wako akupendaye daima,
dada yako Kanyere