Kosa la Pikapu

Usoke, 11 Februari 2024

Mwanangu Julieth,

Pokea salamu za baba yako. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa kulala chini ya gari. Wewe na wanafunzi wako wa Choma mnaendeleaje? Simu yangu hupokei, ndiyo maana nimempa kondakta wa basi barua hii.

Pikapu nimeifungua tena. Inawaka, lakini tangu ilipotuzimikia pale kwenye reli mwezi wa tisa, tukimpeleka mama yako hospitali Urambo, sina amani nayo. Koili nimebadilisha. Naomba unitafutie plagi nne mpya huko Igunga.

Leo nimetoa zulia la miguuni nilifue. Upande wangu ni zima, upande wa mama yako lina tundu. Unakumbuka alivyokuwa akikanyaga breki isiyokuwepo kila nilipokimbiza gari?

Baba yako

Choma, 3 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo. Plagi hizi hapa, nimezitia ndani ya soksi zisigongane. Baba, gari ni la zamani, na magari ya zamani huzima. Liache. Kazi zimenibana, Pasaka sitaweza kuja.

Mwanao Julieth

Usoke, 19 Mei 2024

Mwanangu,

Natumaini kile kikohozi cha vumbi la chaki kimekuacha. Mimi nakula, usingizi ndio mchache.

Plagi zimekaa vizuri, soksi nazivaa. Pampu ya mafuta nimeifungua mara mbili. Baba yako mdogo Nestory alinikuta nimetandaza vyuma juu ya turubai akasema, "Kaka Marko, tumbaku haijafungwa mitumba na wewe unachambua vyuma kama mchele." Nikamwambia anishikie spana au aende zake. Alishika spana, mdomo hakuufunga.

Misa ya mwaka mmoja wa mama yako ni Jumamosi, 14 Septemba. Hujakanyaga nyumbani tangu mazishi. Naomba uje.

Baba yako

Usoke, 7 Julai 2024

Julieth, u mzima? Hukujibu. Nimeshusha injini.

Baba

Choma, 4 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Pandisha injini. Haina kosa.

Siku moja kabla mama hajazidiwa ulinituma na dumu nikajaze petroli kituoni Urambo. Sikwenda. Niliona uvivu. Nilinunua ile ya chupa hapo hapo Usoke, kando ya barabara, nikakaa kwa msusi Minza kusuka nywele mpaka muda wa kurudi ulipofika. Nadhani ilichanganywa na mafuta ya taa. Niliimimina kwenye tangi mwenyewe.

Gari lilipokohoa pale kwenye reli, mama alinishika mkono akasema, "Tulia, baba yako ataliwasha tu." Tangu siku hiyo nikiona jina lako kwenye simu naigeuza kifudifudi. Ukisema nisije kwenye misa, nitaelewa.

Mwanao Julieth

Usoke, 18 Agosti 2024

Mwanangu,

Nakusalimu kwa moyo mtulivu, na shikamoo yako nimeipokea.

Harufu ya mafuta ya taa niliisikia wiki ile ile ya mazishi, nilipofungua kabureta. Nilijua nani alibeba dumu. Nilimwaga tangi, nikaosha kila kitu, nikamwambia Nestory kwamba ni koili. Kisha nikaanza kutafuta kosa jingine, lililo langu mimi mwenye gari. Plagi niliyochelewa kuibadilisha, waya nilioupuuza, chochote ambacho ningekuandikia. Sikupata. Kosa langu ni kunyamaza karibu mwaka mzima na kukuacha ulibebe peke yako.

Kama muda ule tuliopoteza ungemwokoa mama yako, daktari hakusema, nami sikuuliza.

Injini nimepandisha, tangi nimelikausha. Tarehe 13 basi litapita hapa Usoke, usishuke. Nenda mpaka Urambo, jaza dumu kituoni, urudi nalo kwa bodaboda. Nakutuma wewe.

Kanisani tutakwenda na pikapu. Zulia sijabadilisha. Utakaa upande wenye tundu, nami nitakimbiza gari kidogo.

Baba yako