Shamba la Apolonio

Jumatatu, 4 Juni 2018
Nimepewa kazi ya kuandika historia ya mji — ukurasa mmoja, usomwe sikukuu ya kuanzishwa kwa Salingsing. Nikaenda ufukweni kwa Bibi Sabel. Kanipikia kaa, kasimulia. Tufani ilipoufagia mji wa zamani, baba yake, Apolonio, alitoa shamba lake la minazi watu wajenge upya. Kanisa, soko, hata ofisi yetu ya manispaa — vyote viko juu ya shamba lake. Yeye akahamia huku matopeni, ufukweni.
"Liandike jina lake, mjukuu wangu. Sijawahi kulisikia kwenye kipaza sauti."
Nimemwahidi. Na kiti cha mbele nimemwahidi.

Alhamisi, 7 Juni
Kaka Rufo, mkuu wangu, kasoma, kacheka. Ati Apolonio gani tena? Ardhi ilitolewa na ukoo wa meya, nani asiyejua? Nikasema Bibi Sabel anakumbuka. Akaniuliza mkataba wangu unaisha lini. Mwezi huu — na anajua fika.
Nimefuta. Sentensi mbili tu. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Jumapili, 10 Juni
Kanisani nilikaa nyuma ya nguzo. Bibi Sabel kaniona! Ameshonesha gauni la sikukuu. Nilitaka kumwambia. Nikasifia kitambaa.

Jumamosi, 16 Juni
Naandika kwenye ngazi za nyuma za nyumba ya Bibi Sabel.
Asubuhi alikaa mbele, mimi ubavuni. Kaka Rufo akasoma ukurasa wangu. Bibi akaninong'oneza: wamefika kwa baba? Bado, Bibi. Ukoo wa meya ukashukuriwa, watu wakapiga makofi. Bibi naye akapiga. Bado? Bado.
Leo kila nyumba iko wazi kwa wageni, na kwake wamejaa. Anawaambia ya baba yake itasomwa jioni, kabla ya dansi. "Huyu Delia ndiye mwandishi. Muulizeni!" Nikasingizia kwenda kunawa. Uso unaniwaka. Mwongo mimi, mwoga mimi.
Ananiita. Nguruwe wa kuchoma amekatwa, ngozi yote iliyokauka vizuri kaniwekea mimi. Halafu anasema jioni ni mbali, na yeye ni mzee. Niwasomee mwenyewe, hapa hapa mezani. Anawanyamazisha watoto.
Karatasi ninayo mfukoni, nakala ya ile iliyosomwa asubuhi, isiyo na jina la baba yake.
"Delia! Tunakungoja, mjukuu wangu."