Chongo Ndani ya Zizi la Baba

Singida Mjini

Kaka Michael,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dodoma, wewe, wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Baba kule Mtinko miguu bado inamsumbua, ila maneno hayajampungua. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa siku hizi simu zangu hupokei, na meseji unazisoma tu, unanyamaza.

Habari kubwa ni mashine zetu. Unajua baba aliuza ng'ombe wote tukanunua ile sava, na kompyuta pepe zilizomo ndani yake tukazipa majina ya ng'ombe wale: Mabaka, Kijivu, Pembe. Nilimweleza baba kwamba ni kompyuta moja kubwa iliyogawanywa kwa ndani, kila mwandishi wa programu na yake. Akasema basi hilo ni zizi. Kila Jumapili akipiga simu anauliza kwanza hali ya Mabaka, ndipo anauliza yangu.

Basi Mabaka akawa anaanguka ovyo. Moses, kijana niliyemwajiri kuandika programu, ndiye anayemtumia: anaandika mfumo wa ushirika wa alizeti, mchana kweupe, mara kioo cheusi, kazi imepotea. Tulilaumu umeme. Bi Prabha, mwenye duka aliyetupangisha chumba cha nyuma, akaleta fundi akabadilisha nyaya. Tukabadilisha memori, tukamjenga Mabaka upya. Wapi! Siku viongozi wa ushirika walipokuja kuuona mfumo, akaanguka mbele yao. Wakasema tusipowaonyesha kitu kinachosimama kabla ya mavuno, kazi wanawapa wengine. Kaka, kazi hiyo ikienda, ng'ombe wa baba wameuzwa bure.

Nilikupigia siku ile nikilia, ukapokea. Ukaniambia nimchunguze Moses, kwamba vijana siku hizi wanapachika kazi zao za pembeni kwenye mashine za watu. Ukasema inayoanguka ni ya kwake, ushahidi gani tena nautaka. Nikakusikiliza, wewe ni mkubwa wangu. Moses aliapa, akalia, mwanaume mzima. Nikamfukuza hivyo hivyo. Sasa yuko kwao Mandewa, anatengeneza simu barazani, na watu wanamwita mwizi.

Moses alipoondoka, akaanza kuanguka Kijivu, ninayemtumia mimi. Hapo nikaingia kwenye sava yenyewe, chini ya mashine zote, nikasoma kumbukumbu za matukio yake. Kumbe memori ikiisha, sava huua mashine iliyo kubwa ili yenyewe isife. Mabaka kosa lake unene tu, na alipobaki bila kazi zamu ikawa ya Kijivu. Na aliyekuwa akiimaliza memori ni mashine nyingine, imefichwa isionekane kwenye orodha yetu, imewekewa kinga isiuawe, inaamka mchana na kula kuliko zote.

Inaitwa Chongo.

Kaka, Chongo! Yule ndama wa jicho moja tuliyemnywesha maziwa kwa siri nyuma ya nyumba tukiwa wadogo, akafa kabla baba hajamwona. Moses angelijulia wapi jina hilo? Dunia nzima tunalijua mimi na wewe tu. Ulihamia Dodoma na nywila ya sava, ukawa unalisha kazi za wateja wako kwenye zizi la baba, halafu ukamnyooshea kidole Moses. Uliijua sababu wakati nalia kwenye simu, ukanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka usingizi sipati.

Nimemzima Chongo na nywila nimebadilisha. Wateja wako wakikupigia, utajua la kuwaambia. Tangu hapo Mabaka hajaanguka, ila hana wa kumtumia. Nilikwenda Mandewa kumwomba Moses radhi. Akanijibu kwamba nilimwita mwizi mbele ya watu, kwa hiyo asiombwe radhi pembeni. Na mfumo wa alizeti anaujua yeye peke yake.

Baba sijamwambia. Jumapili kauliza Mabaka hajambo, nikasema hajambo. Njoo umwambie mwenyewe. Lakini pitia Mandewa kwanza, usimame mbele ya hao hao wanaomsema Moses, uwaeleze Chongo ni wa nani.

Nisalimie wifi na watoto, wao sina neno nao. Ile shikamoo ya juu nimeiandika kwa sababu mama alitulea hivyo. Ukifika hapa bila kupitia Mandewa, sitakuamkia.

Mdogo wako,
Agripina