Chumba cha Nyuma Sasa Kina Mtu

Mtaa wa Nyuma ya Msikiti,
Kisii Mjini.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Warsame,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Idil na watoto. Goti lako limepoa? Mama alisikia kwamba baridi ya huko Johannesburg mwaka huu ilikuwa kali, akaniuliza kama una soksi za kutosha. Nilimwambia unazo. Sijui kama unazo, lakini nilimwambia.

Sisi hatujambo. Mvua inanyesha kila alasiri kama kawaida yake, ndizi ziko tele sokoni, na mguu wa Mama huvimba jioni ukashuka asubuhi. Biashara yangu ya kukodisha sufuria na viti inaendelea, alhamdulillahi. Wiki iliyopita vyombo vyangu vilikuwa kwenye mazishi Nyamarambe na kwenye harusi Ikonge siku moja, na vyote vikarudi isipokuwa miiko. Miiko hairudi kamwe. Nimeacha kuilalamikia.

Kuna habari njema pia, lakini naiweka mwisho, kwa sababu ukiipata mwanzo hutasoma ya katikati.

Nimeandika kwenye karatasi kwa kuwa kwenye simu, kila nikifika kwenye neno chumba, mtandao wako hukatika. Karatasi haikatiki. Anakuletea Duke, mtoto wa jirani yetu Persis, anayekuja huko kikazi. Mkaribishe chai, hana kosa.

Nyumba hii unaijua, ila nadhani umeisahau. Mhindi aliyeijenga kabla baba hajainunua alikuwa mtu wa mashati mawili tu, haiwezekani iwe vingine. Kuta zina unene wa futi moja na nusu, milango mizito kama ya jela, na katika nyumba nzima kuna kabati moja tu la ukutani, upana futi tatu, ambamo Mama ameweka dawa zake, msahafu na kanga zake za kuswalia. Kwingine kote ni kuta tupu. Nguo zetu tulizitundika kwenye misumari tangu utoto, na wewe hukulalamika, kwa sababu msumari mrefu ulikuwa wako.

Mimi naishi kwa vyombo. Nilianza na sufuria mbili na jamvi moja mume wangu, baba yake Ayan, alipofariki, na leo nahudumia watu mia tano bila kuazima kijiko kwa mtu. Hukunisaidia, na kwa hilo sikulaumu. Lakini vyombo vinataka pa kulala. Sufuria huingiana, kubwa ikiimeza ndogo, ndiyo maana nazipenda kuliko watu. Viti vya plastiki vinapandana hadi futi saba. Vitanda nimeviinua juu ya mawe ya Tabaka yaliyokataliwa na wachongaji, nikapata inchi kumi na nane chini ya kila kimoja, masinia yakaingia. Mahema yako darini, na dari yenyewe imeanza kushuka tumbo. Juu ya kila mlango kuna rafu. Jikoni vikombe vinaning'inia kwenye kamba, na anayekwenda kuchota maji hupita ameinama.

Mwezi wa sita nilimwita fundi Ongeri apime ukuta wa ushoroba, nione kama utabeba rafu nyingine. Alizunguka nyumba na tepu yake, akasimama, akacheka.

"Mama Ayan, nyumba hii haina makabati, ina masharti."

Kisha akafika chumba cha nyuma, akaona kufuli.

"Na hiki?"

"Cha kaka yangu."

"Amelala?"

"Yuko Johannesburg."

"Aaa," akasema. "Basi huyo analala vizuri sana."

Nilicheka naye.

Chumba cha nyuma ni futi kumi kwa tisa. Hizo ni futi tisini za mraba. Siku moja Mama alipokifungua ili afute vumbi, niliingia nyuma yake na tepu. Sofa zako zilizovishwa nailoni. Kabati la vioo la Idil. Friji ambayo haikugandisha hata mlipokuwa hapa. Kitanda cha sita kwa sita kilichofunguliwa, masanduku matatu ya bati, na ile mashine ambayo mtu hukimbia juu yake bila kwenda popote. Nikitoa kijia cha Mama kupita na kitambaa chake, vitu vyako vilikalia futi sabini na mbili. Hakuna mtu mwenye futi sabini na mbili katika nyumba hii. Hata Mama.

Ulipoviacha miaka tisa iliyopita ulisema, "Luul, hii ni amana, miezi michache tu." Ulijua unachofanya. Ungesema "niwekee," ningekuwa nimeshavitoa zamani. Lakini ulisema amana, mbele ya Mama, na wewe unajua tulivyolelewa. Amana haikaliwi, haikodishwi, haisogezwi. Kwa neno hilo moja ulitia kufuli chumba kizima, na ufunguo akauchukua Mama, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Mwezi wa saba Ayan alipiga simu kutoka Nakuru. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imekua, naye alitaka kuja kujifungulia hapa na kukaa arobaini yake kwa mama yake, kama binti yeyote. Nilifurahi kwa dakika moja, kisha nikaanza kupima. Chumba changu kina kitanda kimoja na viti mia mbili. Sebuleni wateja huingia tangu alfajiri na matope yao. Chumba cha Mama kinavuja upande wa dirisha. Mzazi na mtoto mchanga wanataka ukuta mkavu na mlango unaofungika, na katika nyumba hii chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu.

Nilikupigia. Ulivyonijibu unakumbuka, lakini nitaandika ili Idil naye asome. "Dada, vumilia. Ningekuwa na mahali pa kuviweka si ningeviondoa? Sina hata banda."

Nikakuamini. Hata nikakuonea huruma, Mungu ni shahidi.

Nilimwomba Mama basi tuvirundike upande mmoja, tupate pa kutandika godoro. Akashika pindo la kanga. "Luul, usiguse vya watu. Omwana one akirudi atakalia nini?" Unamjua Mama. Kiswahili chake chote na miaka yake yote ya mjini, akikutaja wewe anarudi kwenye lugha ya Nyamarambe alikozaliwa. Omwana one, mwanangu. Mimi huniita Luul.

Kwa hiyo Ayan alikuja na tumbo lake akalala nami, katikati ya viti. Nusu ya viti nikavitoa uani chini ya turubai, kwa mvua hii ya Kisii. Mtoto wa watu alikuwa akijipenyeza kitandani kwa ubavu, akiniambia, "Mama, niko sawa tu," na mimi namwona hayuko sawa.

Ndipo akaja Abdirahim. Alikuja Kisii kwa harusi, akapita kumsalimu Mama, akakaa sebuleni kwenye kiti changu akapewa chai. Mtoto wa shangazi yetu hana hila, hilo nakubali. Alidhani tunajua.

"Mmeiona nyumba ya Warsame ilivyokwisha?"

"Nyumba gani?" nikauliza.

"Ya Kitengela, jamani! Si mimi ndiye nimeisimamia mpaka rangi?" Akatoa simu. "Hebu tazama makabati, Luul. Kila chumba, toka sakafu hadi dari. Hili la wifi yako ni la viatu peke yake."

"Na anakaa nani humo?"

"Bado hakuna mtu. Iko tupu. Mlinzi tu getini."

Makabati ya ukutani, saba. Niliyahesabu kaka, nikimwambia arudishe picha nyuma nisije nikahesabu moja mara mbili. Mtu asiye na hata banda.

Mama akasema apewe naye aone. Aliishika simu kwa mikono miwili, akatazama picha moja moja, na kila moja akaisemea mashallah. Alifurahi, Warsame. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anavyouliza maji ya kunawa yako wapi:

"Na changu ni kipi?"

Abdirahim akapitisha picha mbele, akazirudisha nyuma.

"Kuna hiki hapa cha wageni, Mama," akasema. "Kizuri sana."

"Cha wageni," Mama akasema. Akamrudishia simu, akaomba aletewe maji ya udhu.

Asubuhi yake nilikuta ufunguo mezani, kando ya chupa ya chai. Mama alikuwa amekaa akiutazama.

"Toa," akaniambia.

"Vyote?"

"Mrudishie mwenyewe. Mimi nilikuwa namlindia kwa sababu hana pa kuweka."

Hakukutaja jina, wala hakusema omwana one.

Nilimwita Osoro na lori tunalobebea mahema. Kupakia ndiyo kazi yangu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Kabati la vioo nimelifunga kwa mablanketi yangu mwenyewe, manne, na hayo nayataka. Masanduku sikuyafungua, kufuli ni zile zile ulizotia wewe. Kilichoharibika ni nailoni ya sofa moja, na hiyo panya aliifikia kabla yangu. Abdirahim alipanda lori kwenda kufungua nyumba, akinung'unika, "Luul, utanigombanisha na Warsame." Nikamwambia, "Mwambie makabati yake yamepata kazi." Vitu vyako vimefika salama Kitengela. Viko katika kile chumba cha wageni.

Sisi tukafagia, tukapaka chokaa, na Ongeri akajenga kabati kwenye ukuta wa ndani, futi sita kwa saba, lenye droo chini. Ni la kwanza kujengwa humu tangu yule Mhindi. Ayan aliweka humo nguo za mtoto, vipande vichache tu vya sufu, kisha akawa anafungua na kufunga mlango bila sababu.

Sasa habari njema. Jumanne, Ayan amejifungua mtoto wa kike, salama, bila kupasuliwa. Keshokutwa ni siku ya saba, atapewa jina. Wote wawili wanalala chumba cha nyuma, na mvua ikinyesha hawasikii hata tone ndani. Umekuwa babu, kaka. Hongera.

Ningeweza kuishia hapo, na barua ingekuwa nyepesi kubeba.

Juzi Ijumaa ulipiga simu baada ya swala, kama desturi yako. Siku hiyo Mama huoga mapema kuingoja simu yako, na huvaa kanga nzuri kana kwamba utamwona. Nilimpelekea simu. Alikuwa kitandani kwa Ayan, mtoto mapajani, macho wazi. Akasoma jina lako kwenye kioo. Akasema, "Mwambie nimelala."

Nikakwambia amelala. Ukasema sawa, ukakata. Hata hukuuliza mtu gani analala saa nane ya mchana.

Kwa muda mrefu nimetaka Mama akuone ninavyokuona mimi. Nilidhani siku hiyo nitakunywa chai kwa raha. Sasa ameona, na anakaa chumba cha nyuma mchana kutwa akimwimbia mtoto kwa sauti ndogo, na nikiingia ananyamaza. Chai hainishuki. Hasira yangu kwako ni ya zamani, nimeizoea kama viti, najua inapopanda na inaposimama. Ya kwake ni mpya na yeye ni mzee, na mahali pa kuiweka mimi nimepakosa, na unajua sishindwi na nafasi.

Kwa hiyo usimtume Abdirahim. Usimpigie kumweleza habari ya ramani wala mafundi, wala usiseme chumba cha wageni kilikuwa chake ila kimeandikwa vibaya, atakuitikia tu. Panda ndege uje, ukae mbele yake sakafuni, umwache aseme. Tena uje mikono mitupu. Sina pa kuweka mzigo.

Nisalimie sana Idil, na umwambie vioo vyake havina ufa. Wabusu watoto. Ayan anakusalimu, na mume wake anakusalimu. Persis jirani naye anakusalimu na kuuliza kama bado unapenda matoke. Mama hajasema nikusalimie, na sitaandika ambalo hajasema.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi katika nchi ya watu, akupe riziki ya halali na afya ya magoti, na akufikishe kwa mama yako ukiwa na ya kumwambia.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata hivi,
Luul, Mama Ayan