Mtama wa Mtaroni

Mama yangu mpenzi,

Nakushika mkono kutoka huku Ganjoni, na Sidi anayekusomea namshika sikio, maana namjua mdogo wangu kwa kuruka mistari. Magoti yako yanaendeleaje? Mvua imefika Kinango, au bado inaishia kwa jirani? Mimi ni mzima, nimenenepa hata sare ya kazi inanibana. Furushi lililokuja na barua hii usilifungue kwanza. Liweke mapajani, usikilize.

Unakumbuka nilikwambia kwa simu, kabla mtandao haujakatika, kwamba nimepata mbegu ya ule mtama wetu mwekundu tulioumaliza mwaka wa ukame, tulipokula hata masuke ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moshi. Baadaye nikasikia umelima kipande cha kando ya kisima na umekitangazia kijiji kizima. Mama, ile haikuwa mbegu yetu. Naomba unisamehe, halafu ucheke, kwa sababu hata mimi sasa nacheka.

Ilikuwa hivi. Nyuma ya shule ninayofagia kuna mtaro wa maji ya mvua unaoteremka kuelekea Mbaraki. Masika yalipoanza ukaota mche kwenye tope la ukingoni, kisha wa pili, mwisho nikahesabu kumi na mmoja. Jani pana, mshipa mweupe katikati, bua lenye vifundo. Nikasema huu ni mtama uliodondoka kwenye malori ya bandarini. Nawe ulitufundisha kwamba mche wenye jani la mtama haung'olewi mpaka utoe suke, kwani ukiwa mdogo hakuna awezaye kuujua ni wa ukoo gani. Basi sikung'oa hata mmoja. Mwalimu mkuu aliagiza mtaro usafishwe, nikamsihi anivumilie miezi michache. Nikazungushia kamba, nikawakataza wanafunzi kukanyaga, na kila asubuhi nikawa napiga kopo kufukuza ndege. Wenzangu waliniita mkulima wa Ganjoni, nami nikavimba kichwa.

Ukanipita kimo. Masuke yakatoka, lakini yalikuwa mapana na mepesi, matawi yakining'inia huku na huku, kila punje imefungwa ndani ya ganda jeusi linalong'aa, na kwenye ncha singa nyembamba kama unywele. Nikajiambia labda ni hewa ya chumvi. Nikangoja yaive yote kwa pamoja, kama tufanyavyo nyumbani. Siku niliyokwenda na kisu na kikapu, nilishika tu suke la kwanza, punje zikamwagika majini. La pili vivyo hivyo. Mengine yalikuwa yamebaki vijiti vitupu. Nilikaa ukingoni nikalia, Mama, na niliyekuwa nikimlilia ni wewe na kile kipande chako ulichokilima.

Hapo akanikuta mwalimu wa sayansi, Mwalimu Athumani, mtu mpole wa Mji wa Kale. Aliokota punje moja akaimenya kwa ukucha. Akanieleza kwamba ule ni mtama mwitu, ndugu wa huu tunaoulima, nyasi ya msimu mmoja tu. Huota na mvua, hupenda mitaro na kando za reli na kila udongo uliochimbuliwa, huangusha punje kadiri zinavyoiva, za juu kwanza, kisha hukauka na kufa.

"Mtama wa shamba hungoja mkono wa mtu, Kadzo," akasema. "Huu haungoji, wajipanda wenyewe."

Jumamosi nikaenda Mwembe Tayari kutafuta mtu wa kukuletea habari hiyo, maana moyo wa kukwambia mwenyewe sikuwa nao. Karibu na mabasi nikakaa kwa mama mmoja muuza uji, Mama Riziki, ambaye amejenga Mazeras. Nikamsimulia huku nakunywa, akacheka hata akaweka upawa chini. Kisha akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipokutaja, akanitazama usoni.

"Mamako alinipa masuke matatu siku niliyoolewa nikitoka Kinango," akasema. "Uji huo unaokunywa ni wa mtama wake."

Mama, nilikuwa nimefika nusu ya kikombe, nimekaa nalalamika, wala sikuutambua. Kumbe kila msimu huupanda, na mbegu huitundika juu ya meko kama kwetu. Nilikimaliza kikombe kile polepole sana. Jumatatu alinishushia furushi pale pale penye mabasi, akakataa hata asante yangu, akasema asante ilishatolewa zamani.

Mtaroni mvua za juzi zimeotesha miche mipya. Nimeing'oa bila huruma, isipokuwa mmoja niliomwachia Mwalimu Athumani awaonyeshe wanafunzi.

Nisalimie Baba, mwambie dawa ya mgongo naifuatilia. Msalimie shangazi anayetuchungia mbuzi, na yule jirani uliyemwahidi mbegu, aliyekuwa ameanza kukucheka. Mwite aje sasa, kabla hujafanya lolote.

Sidi, mpe Mama kisu akate kamba. Masuke ni matatu, kama alivyoyatoa.

Mwanao,
Kadzo