Rangi ya Mitumbwi kwenye Bomba la Moshi

Baba mkwe mpendwa,

Hii ndiyo mara ya kwanza nakuita "wewe". Ulipokuwa hai nilikusalimia nimepiga goti nje ya kizingiti, macho chini, na wewe ukaitikia ukiwatazama ng'ombe. Ndivyo mkwe na mkamwana tulivyokaa nyumbani kwako Butiama, na sikuwahi kuona ubaya wake. Sasa una mwaka mzima kaburini, na nadhani adabu inaniruhusu kukuandikia. Kama hairuhusu, utanisamehe, maana jambo lenyewe linahusu gari lako.

Jumamosi tunakuja kukuwekea msalaba. Tunakuja na gari hilo kutoka hapa Nyasho, Musoma mjini, mimi, mwanao na mjukuu wako Wegesa. Mwanao amekwisha kutoa msimamo: moshi ukinuka ndani safari hii, analiuza kwa mtu mmoja wa Mwanza anayelitaka kwa ajili ya vipuri.

"Miaka yote tunakaaga humo kama samaki wa kubanika," aliniambia. "Nimechoka, Mama Wegesa."

Simlaumu. Yeye ni mwalimu, magari hayajui na hayapendi. Tena hajasahau kikao cha baada ya mazishi, mdogo wako aliposimama na kusema uliagiza funguo nipewe mimi. Watu walitazamana, wakadhani mzee wa watu alichanganyikiwa mwishoni. Mimi nilipokea funguo nikanyamaza, kama nilivyozoea kunyamaza kwako.

Fundi wa Nyakato amechomelea bomba la moshi pale kutu ilipotoboa. Kazi aliyoniachia ni kuchagua rangi, maana bila rangi kutu inarudi kabla ya masika, na rangi isiyoweza joto inaungua, moshi wake unaingia kwetu. Hilo mimi na wewe tunalijua kuliko yeye.

Unalikumbuka kopo la kwanza. Madukani wakati ule kulikuwa na rafu tupu na muuza duka, basi. Baba yangu alisikia kwamba bomba la gari lako linaliwa na kutu, akaja mwenyewe kutoka Majita na kopo la rangi ya mitumbwi, ya buluu, aliyoipata kwa waunda mitumbwi wenzake. "Hii inakaaga majini miaka," alikuambia. "Moshi utaifanya nini?" Wewe ulikuwa umeendesha magari ya kiwanda cha pamba Bunda mpaka ukastaafu, na hilo gari la Kifaransa ulilinunua hukohuko kwa meneja aliyekuwa anarudi kwao. Huwezi kuniambia hukujua. Lakini zawadi ya mkwe hairudishwi. Ulilala chini ya gari ukapaka, na baba yangu amekaa kwenye kigoda anakusimamia, mpaka kopo likaisha. Mkasimama mkiangalia bomba la buluu. Mmoja wenu alifurahi sana.

Uchungu wa kumzaa Wegesa ulinishika Jumapili, mchana umeshaanza kugeuka. Miaka ile, Jumapili saa hizo magari yalikuwa yamekatazwa kutembea kwa sababu ya uhaba wa petroli, na kwa hiyo barabara ilikuwa tupu, hapakuwa na wa kutusaidia tukikwama. Mwanao alikuwa Bunda, kwenye shule aliyofundisha. Ulitoa dumu la petroli chini ya kitanda. Mama mkwe alinieleza baadaye kwamba ulilificha pale kwa ajili ya siku hiyo, na kwamba hata yeye ulimkataza kuligusa. Alikaa na mimi kiti cha nyuma, akafunga khanga katikati ya viti ili wewe usinione na mimi nisikuone. Tukaondoka kwenda hospitali ya Musoma.

Hatukufika mbali tangu tuingie barabara kuu. Bomba lilipata moto, rangi ya baba yangu ikaanza kuungua, na moshi ukapanda kupitia tundu la sakafuni, upande wetu. Ile khanga ikauzuia hapohapo. Mama mkwe alikohoa mpaka akashindwa kusema. Mimi nilikuwa nimeshika mlango nikijua nakufa, na mtoto anakufa na mimi, na kwamba wewe uko hatua mbili mbele yetu na hakuna namna ya kukuita.

Ukaivuta khanga ikaanguka. Uligeuka ukanitazama usoni.

"Mama, fungua dirisha."

Hukumwambia mama mkwe aniambie. Hukuwaambia ng'ombe. Nilifungua dirisha, hewa ikaingia. Lakini sikukujibu. Mkamwana hajibu, na hata katika maumivu yale nilijifunika mdomo nikatazama chini. Wegesa alizaliwa Musoma jua likiwa bado halijazama.

Baadaye ulipeleka mbuzi Majita kumwomba baba yangu radhi kwa kuzungumza na binti yake uso kwa uso. Rangi hukuitaja. Baba alimla mbuzi, na kila nikienda kumsalimia aliniuliza kama ile rangi yake inasifiwaga. Nilimwambia watu bado wanaizungumzia.

Ulikwangua buluu yote kwa brashi ya waya, ukaliacha bomba tupu, ukaanza kutafuta rangi inayoweza moto. Kila aliyekwenda Mwanza au Sirari mpakani ulimwagiza. Wakakuletea rangi za mabati, mmoja akaja na rangi ya ubao wa darasani. Jioni ulikaa karibu na gari ukiongea nalo, mimi niko mlangoni jikoni nachambua dagaa.

"Wewe gari," ulisema, "hapa karibu na injini ndipo panapowakaga, huko mkiani pana nafuu. Rangi ya juu ya kutu haikai, lazima kwanza msasa mpaka chuma kiwe cheupe. Na rangi yenyewe inapikwaga polepole. Ukiiharakisha inabanduka."

Nilijua unaongea na nani. Nilikuwa na maswali mengi ya kukuuliza, nikaendelea kuchambua dagaa.

Mizigo ilipoanza kumiminika madukani, macho yako yalikuwa yameshakwenda. Ungekuwa na mimi juzi katika lile duka la vipuri mjini. Rafu zimejaa mpaka mtu anachanganyikiwa. Muuzaji alinishikisha kopo la rangi ya fedha.

"Mama, chukua hii. Inang'aaga. Wote wa magari ya harusi wanachukuaga hii."

"Inaweza moto?"

"Inaweza moto wote."

Niliomba kopo jingine. Lilikuwa na picha ya jiko la mkaa, nikalirudisha, maana jiko na injini si joto moja. La tatu lilikuwa jeusi lisilong'aa, limeandikwa digrii mia sita, na chini yake masharti mengi: sugua kwa msasa, futa mafuta yote, paka nyembamba, washa injini kidogo, zima, acha ipoe kabisa, rudia. Muuzaji alisema hilo wateja hawalipendi kwa sababu ya usumbufu wake. Nilipolisoma nilikusikia wewe. Nimeishi kwa masharti nyumbani kwako na sikudhurika, nikalichukua lenye masharti.

Nilisugua na kupaka mwenyewe. Nilipowasha injini mara ya kwanza moshi ulitoka chini ya gari, mwanao akaja mbio kutoka ndani.

"Si nilisema?"

Nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya bomba. Sikumjibu yeye. "Wewe gari, tulia," nilisema. "Huu ni moshi wa kuivisha rangi. Utaisha." Nadhani mwanao aliitambua sauti yako.

Nilizima, nikaacha lipoe. Mara ya pili moshi ulikuwa mdogo, na mara ya tatu haukutoka. Mwanao aliingia, akafunga milango na vioo vyote, akakaa humo injini ikiunguruma. Akainama kunusa zulia, akanusa tena. Aliposhuka alikwenda kupiga pasi suti yake ya Jumamosi. Yule mtu wa Mwanza atatafuta vipuri kwingine.

Nilikupenda, baba. Nilikuogopa pia, lakini nilikupenda zaidi, na mila yetu haikuwa na mlango wa kulipitisha neno hilo. Wewe ulipata mlango mara moja, ukaulipia mbuzi. Mimi sina mbuzi, nina barua hii, nitaiweka chini ya msalaba wako.

Jumamosi nitakaa kiti cha mbele. Khanga nitajifunga mimi, sitaifunga kati ya viti. Na tukifika pale barabara kuu ulipogeuka kunitazama, hata bila moshi nitashusha kioo mpaka chini, na nitasema kwa sauti, mwanao na mjukuu wako wakisikia, jibu lililonikwama siku ile.

Ukae vizuri hapo ulipo mpaka tutakapofika.

Nimefungua, baba.

Mkamwana wako,
Mama Wegesa